Kaeni Kiti cha Kushoto

Kila mwaka mitihani ya kidato cha sita ikiisha, ubishi uleule huanza katika nyumba nyingi za hapa Sekei, Arusha. Kijana anaomba afundishwe gari. Baba anamwambia asubiri amalize chuo. Mama anasema magari yanaua, hataki hata kusikia habari hiyo. Shangazi aliyekuja kusalimia anatoa hukumu ambayo sebule nzima inaikubali: "Huyu atajifunza akipata lake." Chai inaendelea, funguo zinabaki mfukoni mwa baba.

Hukumu hiyo nimeisikia kwa watu ninaowaheshimu. Wamo walimu, wamo wauguzi, wamo madereva wa watalii waliokwenda Serengeti na Ngorongoro miaka nenda miaka rudi. Hao madereva ndio wanaonisumbua zaidi, kwa sababu wanajua kuliko sisi wote kwamba udereva ni mkono uliozoea na jicho lililozoea, na mazoea hayaji kwa kukaa nyumbani. Bado watoto wao wa kuwazaa hawaruhusiwi hata kuwasha gari. Siwaiti wakatili. Hofu ya mzazi ni kitu kizito na siichezei. Lakini hofu inaweza kuwa ya haki kabisa na ushauri unaozaliwa nayo ukawa mbaya. Ushauri wa kusubiri ni mbaya. Naamini umeshaumiza watoto wengi kuliko uliowaokoa.

Hofu yenyewe ina historia. Arusha haijaisahau Jumamosi ya tarehe 6 Mei 2017. Basi dogo lililobeba watoto wa darasa la saba wa Shule ya Msingi Lucky Vincent liliacha barabara pale Rhotia, Karatu, likatumbukia korongoni. Wakafa wanafunzi 32, walimu 2 na dereva. Majeneza yakapangwa katika Uwanja wa Sheikh Amri Abeid na mji mzima ukalia. Karibu miaka saba baadaye, Jumamosi nyingine, tarehe 24 Februari 2024, lori liliyagonga magari matatu Ngaramtoni kwa Kibaoni, kwenye barabara ya Namanga, na watu 25 wakapoteza maisha. Aliyeishi mji huu miaka hiyo yote na bado haiogopi barabara, huyo ndiye wa kuhojiwa.

Lakini watoto wa Rhotia hawakushika usukani. Walikaa nyuma, wametulia, kama tunavyowaagiza watoto wetu kila asubuhi. Kiti cha abiria hakikuwakinga. Tukisema ukweli, tumeuogopa usukani kwa sababu ndicho kitu pekee tunachoweza kumnyima mtoto. Mwendo wa dereva wa kifodi, daladala yetu ndogo, hatuna mamlaka nao. Breki za lori la watu hatuwezi kuzikagua. Tunachokiweza ni funguo, basi tunaficha funguo na kulala tukiamini kwamba tumemlinda.

Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2023, lilieleza kuwa watu milioni 1.19 hufa barabarani kila mwaka duniani, na kwamba barabara ndiyo inayoongoza kwa kuua watoto na vijana wa kati ya miaka 5 na 29. Mzazi akisikia hapo anasema, umeona sasa? Aendelee kusoma. Ripoti hiyohiyo inasema zaidi ya nusu ya wanaokufa ni waenda kwa miguu, waendesha baiskeli na watu wa pikipiki. Kijana tunayemnyima gari hatumwondoi barabarani. Tunamsukumia katika kundi hilo.

Maana huyo kijana aliyenyimwa funguo asubuhi hii anakwenda mjini kwa njia gani? Anashuka hadi kijiweni, anapanda boda. Akimkuta mwenzake njiani, wanapakiwa mshikaki, wawili nyuma ya dereva mmoja, kofia ngumu hakuna, au ipo moja na imening'inizwa kwenye usukani wa pikipiki. Na anayewaendesha ni nani? Mara nyingi ni kijana wa rika lao, pengine mdogo kwao, aliyejifunza jioni chache kwenye uwanja wa mpira kwa pikipiki ya kaka yake. Mzazi anayesema mtu wa miaka 18 hajakomaa kushika chombo cha moto anamkabidhi mwanawe, kila siku, kwa mtu wa miaka 18 aliyeshika chombo cha moto. Kama huuamini utulivu wa kijana uliyemlea mwenyewe, unauaminije wa kijana ambaye hata jina lake hulijui?

Wengine hunijibu kwamba boda ni safari fupi, gari ni safari ndefu. Njooni mataa ya Sanawari saa moja na nusu asubuhi, msimame pembeni, muangalie jinsi boda zinavyopenya kati ya malori yanayopita barabara ya njia nne. Mkirudi kutoka hapo hamtaniambia tena habari ya safari fupi.

Tuje sasa kwenye maneno yenyewe, "akipata lake." Atalipata lini? Wengi wa watoto wetu, wakijaliwa, watanunua gari la kwanza wakikaribia miaka 30. Litakuwa IST au Passo iliyotoka Japani, imetolewa bandarini Dar es Salaam kwa mkopo wa kazini. Kufikia hapo kijana huyu ni mtu mzima mwenye mwenzi na mtoto mchanga. Anafanya kazi Dodoma au Mwanza. Wazazi wako Sekei. Anaona aibu kupita mbele ya wafanyakazi wenzake na alama ya L nyuma ya gari. Hana wiki za kukaa darasani. Kwa hiyo anafundishwa na rafiki Jumapili mbili tatu, au anatafuta leseni kwa njia ambayo sote tunaijua na tunajifanya hatuijui. Desemba inafika, watu wanakwenda nyumbani kula sikukuu, naye anaingia barabara kuu akiwa amepakia familia nzima. Huyo ni dereva mgeni kabisa. Ana ndevu, ana cheo, ana watu wanaomtegemea, na mikono yake haijui lolote. Ugeni wa barabara hauishi kwa kuongezeka umri. Unaisha kwa kuendesha, na ni afadhali uishe wakati pembeni yake kuna mtu anayempenda na anayejua.

Haya siyasemi kwa hisia tu. Sweden, Septemba 1993, walishusha umri wa kuanza mazoezi ya gari kutoka miaka 17 na nusu hadi 16, lakini umri wa kupata leseni ukabaki 18. Kijana alipewa muda mrefu zaidi wa kuendesha akiwa na mzazi pembeni. Watafiti wakawafuatilia. Walioitumia nafasi hiyo walifikisha karibu saa 120 za mazoezi kabla ya leseni, zaidi ya mara mbili ya wenzao, na baada ya leseni hatari yao ya kupata ajali ilipungua kwa takribani asilimia 40. Ujerumani nao walianza mwaka 2004, katika jimbo la Niedersachsen, kuwapa leseni vijana wa miaka 17 kwa sharti kwamba hadi watimize 18 wataendesha wakiwa na mtu mzima aliyetajwa kwa jina. Matokeo yakawa mazuri, na mwaka 2011 utaratibu huo ukawa wa kudumu nchi nzima.

Upande wa pili uko Marekani. Mwaka 2011 jarida la kitabibu la JAMA lilichapisha utafiti kuhusu sheria zinazowapa vijana leseni kwa hatua. Majimbo yenye sheria kali yalionyesha vifo vichache zaidi katika ajali za madereva wa miaka 16, lakini kwa madereva wa miaka 18 vifo vilikuwa vingi zaidi. Mojawapo ya maelezo yaliyotolewa ni kwamba kuna vijana waliosubiri tu wafike umri ambao masharti hayawahusu, wakaanza kuendesha bila mazoezi yale. Hicho ndicho tunachokifanya hapa, isipokuwa sisi tunasubiri hadi 30.

Mimi sipendekezi tushushe umri. Sheria yetu ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inasema miaka 18 kwa gari, na naiheshimu. Baba anayemtuma mtoto wa miaka 15 apeleke gari dukani ili majirani waone mwanawe ni hodari, huyo simtetei hata kidogo. Anavunja sheria na anaweka maisha ya watu rehani kwa sifa. Wala simtetei yule anayepokea leseni ya mwanawe saa nane mchana na jioni ileile anampa gari aende Njiro na wenzake wanne. Hatari kubwa ya dereva mgeni iko hapohapo, katika miezi ya kwanza baada ya leseni, anapoendesha bila mkubwa pembeni, hasa usiku, hasa akiwa amepakia rika lake. Mwanafunzi mwenye msimamizi karibu yake hupata ajali mara chache. Anayeachwa peke yake ghafla ndiye anayeumia.

Hapo ndipo wazazi wenye elimu hunijia na habari ya ubongo: kwamba sehemu ya kichwa inayopima hatari haikomai hadi miaka 25 hivi. Ni kweli, nakubaliana nao. Lakini mbona dawa yake iwe kumfungia? Mtoto asiyejua kupima kina cha hatari anahitaji mtu wa kupima naye. Jikoni hatungoji binti au kijana akomae ndipo tumwonyeshe kisu. Tunampa kitunguu akiwa mdogo, tunasimama karibu, tunamwambia kunja vidole. Na taifa lenyewe limeshaamua kuhusu umri huu. Katiba inampa kura akiwa na miaka 18. Tangu 2013 wahitimu wa kidato cha sita wanaitwa tena Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria, na huko hufundishwa silaha chini ya macho ya wakufunzi. Wazazi haohao huwasindikiza stendi kwa fahari. Kijana anarudi kutoka kambini mwembamba, mweusi kwa jua, anajua kupanga muda na kupokea amri, kisha tunamwambia gari la nyumbani bado ni kubwa kwake.

Kipindi hicho, kati ya JKT na chuo kufunguliwa, ndicho kipindi bora kuliko vyote. Yuko nyumbani. Ana muda. Bado anasikiliza. Tunaupoteza kwa kumwacha alale hadi saa nne na simu kifuani.

Apelekwe shule ya udereva kwanza, VETA au shule nyingine iliyosajiliwa. Apate leseni ya kujifunzia, abandike alama ya L bila aibu, ajifunze alama za barabarani, gia, kurudi nyuma kati ya nguzo, ajaribiwe na trafiki kama sheria inavyotaka. Walimu wa shule hizi wanafanya kazi ya maana, nami sitaki mzazi ajaribu kuwa mbadala wao. Lakini kozi inachukua wiki chache, mchana, kwenye njia zilezile. Usiku haumo. Mvua haimo, labda inyeshe kwa bahati. Ukungu haumo, wala uchovu, wala kelele za abiria. Leseni inapotoka, familia nyingi huona kazi imekwisha, na funguo ama zinatupwa mikononi mwa mtoto ama zinarudi kufichwa. Mimi nasema siku ile leseni inapotoka ndiyo siku ya mzazi kuhamia kiti cha kushoto, akae hapo kwa mwaka mzima.

Na sisi wa Sekei tumepewa uwanja wa mazoezi ambao Dar es Salaam hawana. Njia zetu zinapanda mlima. Niliona faida yake siku binti yangu aliposimama katikati ya mwinuko, gari la manyuali, mbele yake kirikuu kinashusha matofali, nyuma yake boda imesogea hadi karibu na bampa, na pembeni mama mmoja na ndizi kichwani anatafuta pa kukanyaga. Alipoachia breki gari likaanza kurudi. "Baba, linarudi!" Nikamwambia, "Vuta hendibreki, mwanangu. Usimwangalie mtu yeyote. Sasa inua klachi polepole mpaka boneti inyanyuke kidogo, uisikie." Akaisikia. Klachi ilinuka, mwenye boda akapiga honi, yule mama akasimama kungoja. Kisha gari likapanda, na mabega yake yakashuka. Jambo hilo halifundishiki kwenye uwanja tambarare, na mtu wa miaka 30 mwenye haraka ya kuwahi kazini hatalipata kwa utulivu ule.

Ukishuka chini unakutana na njia nne, barabara ya Sakina hadi Tengeru. Hapo somo ni subira. Kuingia kushoto kuelekea Tengeru kunaonekana rahisi, lakini kuna boda inayokuja upande usio wake, kuna kifodi kitakachosimama ghafla kwa sababu mtu kanyoosha mkono, kuna wanafunzi wanaovuka. Mkubwa aliyekaa kushoto anayaona kabla, anayataja kwa sauti ya kawaida: yule mtoto amevuka, mwenzake aliyebaki atamfuata, punguza. Baada ya muda unanyamaza, unamwacha yeye ayataje. Asubuhi za mwezi wa saba, ukungu wa Meru ukiwa umeshuka hadi kwenye paa za nyumba, ndizo za kumfundisha taa na umbali. Vuli ikianza, barabara zetu za udongo zinateleza kama sabuni, na hapo ndipo ajue kwamba breki ya ghafla ni adui.

Halafu usiku. Kuna jambo moja ambalo kila dereva wa nchi hii analijua na halimo katika chati ya alama: matawi ya miti yaliyotupwa barabarani. Lori limeharibika mbele, limesimama njiani gizani bila taa, na utingo amevunja matawi akayapanga kuonya wenzake. Kijana aliyesoma darasani tu anatafuta pembetatu nyekundu. Aliyewahi kupita Kikatiti usiku na baba yake pembeni anajua kwamba majani mabichi kwenye lami maana yake ni kupunguza mwendo sasa hivi, usingoje kuona kitu.

Yapo mengine ambayo watoto wetu wameshajifunza, na hapa nasema nasi wazazi uso kwa uso. Mtoto ameangalia mgongo wako kutoka kiti cha nyuma tangu akiwa na miaka mitatu. Ameona ukijibu simu huku mkono mmoja uko kwenye usukani. Ameona ukifunga mkanda pale unapomwona trafiki kwa mbali na kuufungua ukishampita. Amekusikia ukimtukana mwenye bajaji. Amekuona ukiendesha baada ya bia tatu kutoka kwenye sendofu ya mpwa wako na kusema niko sawa. Hayo yote ameyahifadhi. Anayedhani mwanawe hajaanza kujifunza gari anajidanganya: amejifunza kwa miaka 15, kimya, bila kusahihishwa. Kukaa kiti cha kushoto kunakulazimisha uyaseme kwa mdomo yale ambayo matendo yako yaliyapinga, na kijana atakuuliza mbona wewe hufanyi hivyo. Jibu pekee la heshima ni kuanza kuyafanya.

Kuhusu mabinti nina neno kali zaidi. Katika nyumba nyingi mvulana huambiwa tu kwamba asubiri, lakini mlango uko nusu wazi. Ataosha gari, ataliwasha, atalisogeza, mjomba atamwonyesha gia. Binti hasogezwi hata karibu. Ataendeshwa, wanasema. Ataendeshwa na nani? Na huyo nani akiwa amelewa? Nimewasikia wazazi wakilia kwamba binti aliingia kwenye gari la kijana aliyekunywa kwa sababu hakuwa na njia nyingine ya kurudi usiku. Binti mwenye leseni na mazoezi anaweza kusema leta funguo niendeshe mimi. Anayengoja kuendeshwa hana neno la kusema. Ukitaka kumlinda msichana, mpe uwezo wa kuondoka mahali penye hatari kwa mikono yake mwenyewe.

Na siku nyingine hatari haiko nje, iko ndani ya nyumba. Hapa mtaani nilishuhudia mzee akizidiwa na presha usiku wa manane. Gari lipo uani, mafuta yapo, funguo zinaning'inia mahali pake. Watu wazima watatu ndani ya nyumba, watoto wake, wote wamepita chuo, na hakuna hata mmoja anayejua kulitoa getini. Dereva wa nyumba hiyo alikuwa ndiye huyo mgonjwa. Wakaita boda. Mzee akashushwa hadi hospitali ya Mount Meru akiwa amebanwa katikati, mwanawe nyuma amemshika kifua asianguke. Alipona, namshukuru Mungu. Lakini ile picha ya mgonjwa kwenye pikipiki na gari zima limebaki uani ndiyo matokeo kamili ya "atajifunza akipata lake."

Najua wengi hawana gari, hata hapa Sekei, hasa ukipanda juu ambako mtaa unakaribiana na mashamba. Wataona habari hii ni ya wenye nazo. Nawaomba wasiiache. Familia isiyo na gari ndiyo ambayo kijana wake, akikosa ada, hununuliwa pikipiki ya mkataba akiwa na miaka 18, alete hesabu kila jioni. Hakuna anayemwambia asubiri akomae. Hapelekwi shule yoyote. Anapewa chombo na namba ya simu ya mwenye chombo. Mzazi anayehangaika kupata fedha ya kutanguliza mkataba, ahangaike pia kupata ada ya kozi ya udereva kabla pikipiki haijaingia barabarani. Na katika mji unaoishi kwa utalii, mtoto mwenye leseni safi na tabia njema barabarani ana mlango wa kazi mbele yake ambao mwenye cheti peke yake hana.

Kuna wanaosema gharama: ataligonga gari, bima ndogo hailipi gari letu, fundi atatumaliza. Huenda akaligonga. Taa na bampa huuzwa, na bima kubwa ipo kwa anayeimudu. Sina zaidi hapo.

Ninalolipinga kwa nguvu zangu zote ni lile linalosemwa matangani, kwamba ajali haina kinga. Tunalisema kufariji, nami nikiwa matangani silipingi. Lakini limetoka matangani likaingia nyumbani, likawa sababu ya kutofundisha. Kama haina kinga, kwa nini nikae kiti cha kushoto mwaka mzima? Bora nimwombee na kumfungia. Sivyo. Mkanda ni kinga. Kuacha simu ni kinga. Breki zilizokaguliwa ni kinga, mwendo wa 50 mjini ni kinga, na saa 100 na zaidi za kuendesha ukiwa na mkubwa pembeni ni kinga iliyopimwa na kuonekana. Sala nazo zisome kila asubuhi, mimi nazisoma. Kisha ufunge mkanda, ukae naye.

Imebaki sauti moja ambayo siwezi kuijibu kwa takwimu. Ni ya mama anayesema: mimi mwenyewe sijui kuendesha, nitakaaje kumfundisha? Anaogopa kwa sababu gari kwake ni kitu kigeni kuanzia mlango wa dereva hadi gia. Anapoona mwanawe ameshika usukani, anaona kitu asichokielewa kimemeza mtoto wake. Kwa mama huyu ninao ushauri ambao nimeutoa kwa jirani zangu na nimeona ukifanyika. Ajiandikishe shule moja na mwanawe, darasa moja, wiki moja. Mama wa miaka 45 na kijana wa 18 wanaulizana alama jioni mezani, mmoja ana kumbukumbu, mwingine ana subira. Wakitoka na leseni zote mbili, wapeane zamu: leo mama usukani na kijana kushoto, kesho wabadilishane, na baba ahamie kiti cha nyuma.